Kambare, besi mweupe na sheria za chambo Texas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikulia Musoma, nikajua kushika mshipi kabla sijajua kushika kalamu. Siku hizi navua Texas kaskazini, na kila Februari ikiingia simu yangu haitulii. Ndugu wa Fort Worth, Dallas, Houston na Abilene wananiuliza yaleyale: leseni, urefu wa samaki, na zaidi ya yote chambo. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja.

Yaliyomo humu ni ya Texas peke yake. Wewe uliye Ohio, Iowa au Kentucky, jimbo lako lina kanuni zake, na jambo ambalo hapa ni halali huko huenda likawa kosa. Hata hapa Texas kanuni hupitiwa kila mwaka, na mwaka mpya wa uvuvi huanza tarehe 1 Septemba. Pakua kwenye simu programu ya Outdoor Annual, inayotolewa bure na Texas Parks and Wildlife, idara inayosimamia uvuvi. Ukifika ziwani, andika jina la ziwa hilo humo kabla hujatupa ndoano.

Huyu anayeitwa "white bass" ni samaki gani? Kwetu simjui.

Kwetu hayupo. Ni samaki wa mito na maziwa ya Amerika Kaskazini, na mimi humwita besi mweupe. Wenyeji wa hapa humwita "sand bass", kwa hiyo ukisikia jina hilo dukani ujue ni huyohuyo. Ana rangi ya fedha, mistari myembamba myeusi ubavuni, mgongo ulionyanyuka, na mapezi mawili ya mgongoni yaliyoachana, la mbele likiwa na miba mikali. Wengi wana uzito wa paundi moja hadi mbili. Ni mdogo, lakini akishika ndoano mkono unamtambua.

Hutembea kwa makundi akiwinda shadi, samaki mdogo wa fedha ambaye kwa kazi yake ziwani ni kama dagaa wetu. Walio wa Kigoma, Uvira na Kalemie watafurahi kujua kwamba shadi na dagaa wa Ziwa Tanganyika ni ndugu wa mbali kweli. Dagaa wa Ziwa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa.

Jambo moja la kuangalia sana: kuna chotara anayefanana naye, aliyepandishwa kati ya besi mweupe na binamu yake mkubwa, besi milia ("striped bass"). Huyo ana masharti makali zaidi, urefu usiopungua inchi 18 na samaki 5 tu kwa siku. Mpanue mdomo, pitisha kidole juu ya ulimi hadi nyuma. Besi mweupe ana kipande kimoja cha meno madogo yanayokwaruza kama msasa. Chotara ana viwili sambamba. Tazama pia mistari ya ubavuni: ya besi mweupe imefifia na ni mmoja tu unaofika mkiani bila kukatika, ilhali ya chotara ni mizito na kadhaa hufika. Kama bado una shaka, mrudishe majini.

Kambare wa hapa ndiye yuleyule wa kwetu?

Wana sharubu wote, hawana magamba wote, na hapo ndipo undugu unapoishia. Kambare wetu, au kambale kama wasemavyo ndugu zetu wa Kongo, anaweza kupumua hewa na kukaa topeni siku kadhaa. Wa hapa hawezi. Ukimtupa kwenye ndoo kavu juani ukidhani atavumilia, atakufa na nyama itaharibika upesi. Beba barafu.

Hapa kuna watatu wa kuwajua, nami nitawataja kwa majina yaliyo kwenye mabango ya ziwani. "Channel" ana mkia wenye panda na mara nyingi madoa meusi ubavuni, na pezi lake la chini karibu na mkia limepinda kwa nje. "Blue" naye ana panda mkiani, ila pezi hilo la chini ni refu na ukingo wake umenyooka kama umekatwa kwa rula. Huyu ndiye jitu: Januari 2004 alivuliwa mmoja Ziwa Texoma mwenye paundi 121.5, karibu kilo 55, na wakati huo ilikuwa rekodi ya dunia. "Flathead" ana kichwa bapa, taya la chini limetangulia la juu, na mkia hauna panda.

Wote watatu wana miba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila upande nyuma ya matamvua. Wadogo ndio wanaochoma vibaya zaidi kwa sababu miba yao bado mikali. Mshike kwa kumkaba nyuma ya miba ya pembeni, tumbo likielekea kiganjani. Mwanangu alichomwa kwenye kiungo cha kidole gumba na mkono ukavimba siku mbili.

Nahitaji leseni?

Ukiwa na miaka 17 au zaidi, ndiyo. Aliye chini ya miaka 17 hahitaji leseni, lakini vikomo vya urefu na idadi vinamhusu kama mtu mzima. Leseni ya maji baridi kwa mkazi ni dola 30 na huisha tarehe 31 Agosti. Ipo ya siku moja kwa dola 11. Mkazi maana yake ni mtu aliyeishi Texas mfululizo zaidi ya miezi sita. Mgeni aliyefika juzi atalipa bei ya asiye mkazi, dola 58, na asione ameonewa, kwani Mmarekani wa jimbo jingine naye hulipa hiyohiyo.

Zipo njia mbili za kuvua bila leseni. Jumamosi ya kwanza ya Juni ni siku huru kwa kila mtu jimbo zima. Na ndani ya hifadhi za jimbo, zile "state parks", huhitaji leseni siku yoyote ukivua kutoka ukingoni. Unalipa kiingilio cha hifadhi tu. Kwa familia iliyofika karibuni na haijui kama itapenda uvuvi, mimi huwaelekeza huko.

Naruhusiwa samaki wangapi, na wa urefu gani?

Kanuni ya jumla ya jimbo ni hii. Besi mweupe: 25 kwa siku, kila mmoja asipungue inchi 10. Channel na Blue huhesabiwa pamoja: 25 kwa siku, hakuna urefu wa chini, lakini wenye inchi 20 au zaidi wasizidi 10. Flathead: 5 kwa siku, asipungue inchi 18. Unaporudi kutoka safari ya siku nyingi, usiwe na zaidi ya mara mbili ya kikomo cha siku.

Maziwa kadhaa yana masharti yake. Tawakoni, kwa mfano, inabana zaidi kambare wakubwa, kwa sababu kambare wa inchi 40 amechukua miaka mingi kufika hapo. Texoma na Toledo Bend yamepakana na majimbo jirani na yana hesabu zake. Mabwawa madogo ya mjini nayo yana kanuni yake: kambare 5 kwa siku, fimbo zisizozidi mbili, na hakuna kutega. Mabwawa hayo usiyadharau. Yale yaliyo kwenye mpango wa Neighborhood Fishin' huletewa kambare wa kufugwa kila baada ya wiki mbili msimu wake, na mtoto hupata samaki wa kwanza huko kwa urahisi kuliko ziwa kubwa.

Kupima, mlaze samaki ubavu juu ya rula, mdomo umefungwa, kisha bana mkia ili ncha zake zikutane. Huo ndio urefu wake kisheria.

Kwetu tunatega sangara kwa kambare mdogo. Naweza kutumia kambare mdogo kama chambo hapa?

Hapana. Hili ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa huu, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Kila aliyekaa Ziwa Victoria anajua kwamba kambare mdogo ni chambo cha dhahabu kwa sangara. Anakaa hai kwenye ndoano muda mrefu, anacheza, havunjiki. Kuna watu wanaofuga vifaranga vya kambare kwa ajili ya kuwauzia wavuvi tu. Kwetu ni biashara halali. Mtu akihamia Texas na maarifa hayo, akapata kambare wa inchi nne, kitu cha kwanza anachofikiri ni kumtoboa ndoano mgongoni amtegee mkubwa.

Texas imegawa samaki wa maji baridi makundi mawili. Lipo kundi la samaki wa mchezo ("game fish"), wanaolindwa, na lipo kundi la wengine wote. Channel, Blue na Flathead wamo kundi la kwanza. Besi mweupe yumo. Samaki wa kundi hilo, akiwa mzima au kipande chake, hatumiwi kuwa chambo cha mshipi. Ndivyo sheria ilivyo, na haijali samaki huyo ana urefu gani au ulimpata kwa njia gani. Hata kichwa cha besi mweupe uliyemvua kihalali na kumla nyumbani, usikirudishe ziwani kwenye ndoano.

Nimesikia watu wakisema hiyo ni sheria ya watu wenye boti za bei, ya kumbana maskini. Sikubaliani. Kikomo cha 25 kingekuwa na maana gani kama ningeweza kuchukua besi 25 nyumbani na wengine 40 nikawatumia kama chambo mchana kutwa bila kuwahesabu? Kuna chambo kingine tele, na kingi chake ni cha bure.

Basi chambo halali ni kipi?

Anza na shadi. Aliyekatwa vipande akiwa mbichi, damu bado inavuja, ndiye chambo bora cha Blue, sijaona kinachomshinda. Wapo wa aina mbili: mwenye pua butu na mdomo ulioinamia chini, ambaye hukua mkubwa, na mdogo mwenye mkia wa njano. Unawakamata kwa kimia alfajiri karibu na ufuko au kuta za mabwawa. Kimia kisizidi futi 14 kwa kipenyo. Samaki wa mchezo akinaswa humo, hata kama ana urefu halali, anarudi majini papo hapo, kwa kuwa kimia ni kwa ajili ya samaki wa kundi la pili tu.

Wale samaki wadogo wa duara wenye rangi za kupendeza, wanaoitwa "sunfish" au "bream", hapa Texas hawamo kwenye kundi la mchezo. Unaweza kuwatumia wakiwa hai, na kwa Flathead ndio mwisho wa maneno, maana yeye hula samaki hai karibu siku zote. Angalia vizuri usichanganye na vifaranga vya besi mdomo mkubwa ("largemouth bass"), ambaye ni samaki wa mchezo.

Kwa Channel huhitaji hata samaki. Maini ya kuku, minyoo, dagaa wa kopo, jibini iliyovunda wanayouza kwenye makopo hapa, vyote vinakubaliwa na sheria na kambare pia. Maini hutoka kwenye ndoano kirahisi ukirusha. Mama mmoja Mburundi tunayevua naye huyafunga kwa kipande cha soksi nyepesi za wanawake, mraba wa vidole viwili, anazungusha uzi mara tatu. Harufu inapita, maini hayatoki. Nami sasa nafanya hivyo.

Nikikamata shadi ziwa hili, naweza kwenda nao ziwa lingine?

Ukiwa na boti, sheria inakataza kabisa: usiondoke ziwani na samaki hai ndani ya maji ya ziwa hilo. Chambo hai ulichokamata mwenyewe kinatumika palepale kilipokamatwa. Unapoondoka, unamwaga maji yote ya boti, ya pipa la samaki, ya ndoo. Kanuni ya kumwaga maji ilianza jimbo zima Julai 2014. Chambo hai cha kununua dukani unaruhusiwa kuwa nacho kwenye boti na maji yake, mradi una risiti inayoonyesha kimetoka wapi.

Mwaka wangu wa pili hapa sikuyajua hayo. Nilikamata shadi kama thelathini Ziwa Ray Hubbard alfajiri, nikawatia kwenye pipa lenye pampu ya hewa ndani ya boti ya rafiki yangu, tukavuta boti hadi Tawakoni ambako tulisikia Blue wanakula vizuri. Pale kwenye mteremko wa kushushia boti tukakuta askari wa uvuvi. Akachungulia pipa, akauliza maji haya yametoka wapi. Nikasema ukweli. Hakupaza sauti. Alichota maji kwa kifuniko cha chupa, akaniambia nitazame. Nikatazama, hamna kitu, maji safi. Akasema ndiyo maana wanakataza. Alinipa onyo, tukamwaga maji kwenye nyasi mbali na ufuko, shadi wote wakafa mbele yangu.

Alikuwa anazungumzia kome milia. Ni kome mdogo kama ukucha, asili yake ni upande wa Bahari Nyeusi na Kaspi, akafika Maziwa Makuu ya Marekani miaka ya 1980. Texas aligunduliwa Ziwa Texoma mwaka 2009, na tangu hapo ameingia maziwa mengi. Kifaranga chake hakionekani kwa macho; huelea majini. Akikua hujibandika kwenye mabomba ya maji, injini, kuta, kwa maelfu, na huchuja majini chakula cha samaki wachanga. Akishaenea ziwa kubwa, hakuna anayejua kumtoa.

Sisi wa Ziwa Victoria hatuhitaji kuhubiriwa. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na aina nyingi za furu hatukuziona tena. Gugumaji lilipoingia, nilikuwa mtoto, nakumbuka mitumbwi imekwama kwenye kijani siku nzima na baba akirudi bila kitu. Kwa hiyo hata wewe unayevua ukingoni kwa ndoo, bila boti, nakuomba: tumia chambo hapo ulipokikamata, na kilichobaki kitie kwenye barafu. Shadi aliyegandishwa si mzuri kama mbichi, lakini anavua. Wala usimwage ziwani samaki wadogo wa dukani waliobaki ukidhani unawapa uhai. Kutia samaki kwenye maji ya umma bila kibali ni kosa.

Kwenye Mto Red chini ya bwawa la Texoma, na sehemu za mito ya Big Cypress na Sulphur kule mashariki, katazo ni kali zaidi kwa sababu ya samaki vamizi wa Asia waitwao kapu ("carp"), ambao wakiwa wadogo hufanana na shadi kiasi cha kumdanganya mvuvi mzoefu. Huko usitoe samaki hai yeyote wa kundi la pili.

Nimepata sato! Naweza kumtunza hai?

Hapana. Ndiyo, sato na perege wapo Texas, hasa kwenye maziwa yanayopokea maji ya moto ya mitambo ya umeme, kwa kuwa baridi ya hapa huwaua kwingineko. Lakini hapa wao ndio wageni wavamizi. Sheria inataka ukimtoa majini tu na umeamua kumchukua, umkate kichwa au umtoe matumbo palepale. Hakuna kikomo cha idadi. Kwa hiyo kula ushibe, ila usiondoke naye akiwa hai kwenye ndoo kwenda kumfuga bwawani kwako.

Je, kanuni za chambo ni moja jimbo zima?

Si kote. Kaunti za magharibi, kama El Paso, Brewster, Presidio, Pecos na Val Verde, zina orodha fupi ya samaki wanaoruhusiwa kuwa chambo. Asiyekuwemo ni marufuku. Sababu yake ni Mto Pecos. Miaka ya 1980 kisamaki cha pwani kiliingia mtoni humo, yaelekea kwa ndoo ya chambo, kikazaliana na kisamaki asilia cha Pecos, na baada ya miaka michache sehemu kubwa ya mto ilibaki na machotara watupu.

Besi mweupe wanapanda mto lini, na niende wapi?

Kati ya Februari na Aprili. Maji ya mto yakifika nyuzi 54 hadi 68 za Farenhaiti, yaani kama 12 hadi 20 za Selsiasi, besi hutoka ziwani na kupanda mito kutaga. Madume hutangulia, majike hufuata. Jike mmoja anaweza kuachia mayai laki kadhaa, yanashika kwenye changarawe na kuanguliwa siku mbili tatu baadaye. Mvua ikinyesha kidogo mto ukapata nguvu, wanapanda zaidi. Ikinyesha sana, maji yakawa kama chai ya maziwa, kaa nyumbani.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni hifadhi ya Colorado Bend, ambako besi wa Ziwa Buchanan hupanda Mto Colorado. Unavua kutoka ukingoni, na kwa kuwa ni hifadhi ya jimbo hutaulizwa leseni. Mto Sabine juu ya Toledo Bend nao unasifika, na Trinity juu ya Ziwa Livingston.

Msimu wa joto besi wamerudi ziwani. Hapo tazama ndege. Ukiona shakwe wanapiga mbizi mahali pamoja na maji yanachemka, besi wako chini wanasukuma shadi juu. Zima injini mbali, rusha ukingoni mwa kundi. Ukipita katikati yao wanazama na umewaharibia wenzako asubuhi.

Nitumie zana gani kwa besi?

Fimbo nyepesi, mshipi wa paundi 6 hadi 8, na chambo bandia kidogo cheupe chenye chubwi ya aunsi moja ya nane. Vuta polepole karibu na chini. Maji yakiwa baridi, polepole zaidi ya hapo.

Na kambare, wakati wake ni upi?

Kila mmoja na wake. Blue wakubwa hupatikana Desemba hadi Februari, wakifuata shadi kwenye kina. Watu wengi wako ndani wanaota moto, ziwa ni lako. Channel anaanza kula sana majira ya kuchipua na kuendelea kiangazi chote, jioni hadi usiku. Mei na Juni hutaga kwenye mashimo na chini ya miamba, na dume hulinda mayai, kwa hiyo tafuta kuta za mawe. Flathead ni wa usiku wa joto.

Tumia ndoano ya duara, ile iliyojikunja ncha ndani. Ukihisi anavuta, usipige fimbo kama tulivyozoea. Acha alemee, fimbo ipinde yenyewe, ndipo uanze kukunja. Ndoano hukaa pembeni mwa mdomo, na yule utakayemrudisha ataishi.

Naweza kutega kamba ya ndoano nyingi? Na kuvua kwa mikono?

Kambare anaruhusiwa kutegwa kwa kamba ya ndoano nyingi, ile ambayo pwani yetu huiita dhulumati, nje ya yale mabwawa ya mjini. Kamba moja isizidi ndoano 50 kwenye maji baridi, zikiachana angalau futi tatu, na ndoano za mitego yako yote kwa jumla zisizidi 100. Lazima iwe na kibandiko chenye jina, anwani na tarehe uliyotega. Besi mweupe havuliwi hivyo. Yeye ni wa fimbo na mshipi tu, akinaswa kwenye kamba arudishwe.

Kumkamata kambare kwa mikono kwenye shimo lake kumeruhusiwa Texas tangu 2011. Mimi sifanyi, na simshauri mtu aende peke yake. Watu huzama.

Samaki wa Mto Trinity pale mjini analiwa?

Sehemu za Trinity zinazopita Dallas na Fort Worth zina tahadhari ya idara ya afya ya jimbo kwa sababu ya kemikali za sumu, daioksini na PCB. Kemikali hizo hujilimbikiza kwenye mafuta ya samaki, na kambare mkubwa ana mafuta mengi. Kupika hakuziondoi. Kuvua pale kujifurahisha ni sawa, kula hapana, na mama mjamzito na watoto wadogo wasiguse kabisa. Naliandika hili kwa uzito kwa sababu nimeona familia zikijaza ndoo pale chini ya daraja, zikidhani mto ni mto.

Dini yetu hairuhusu samaki asiye na magamba. Tufanyeje?

Wasabato wengi, na Waislamu wa madhehebu ya Shia, huniuliza hili. Besi mweupe ana magamba na mapezi kamili. Ndiye samaki wenu, na kwa 25 kwa siku hamtapungukiwa.

Naweza kuwauzia majirani?

La. Samaki aliyevuliwa kwa leseni ya kawaida hauzwi.

Askari wa uvuvi akinijia nifanye nini?

Msalimie, mwonyeshe leseni na samaki. Ana mamlaka ya kukagua samaki wako na zana zako, na kufungua kisanduku chako cha barafu ni sehemu ya kazi yake. Kazi yake ni samaki. Wengi niliokutana nao hupenda kuelekeza, na ukimuuliza leo samaki wako wapi huenda akakuambia. Kama Kiingereza chako bado kidogo, weka samaki wako kwa mpangilio, kila aina upande wake, na rula iwe karibu. Atakuelewa.

Naruhusiwa kumpasua samaki nikiwa kwenye boti?

Usimkate kichwa wala mkia mpaka umefika nchi kavu, kwa kuwa askari hawezi kupima minofu. Sato ndiye anayekatwa mapema, kama nilivyoeleza.

Besi mweupe nilimpika akanuka tope. Nilikosea wapi?

Sehemu mbili. Kwanza hukumtia barafu mara tu alipotoka majini. Pili hukutoa nyama nyekundu. Ukishamchuna ngozi, utaona ukanda mwekundu uliopita katikati ya mnofu upande wa nje. Laza kisu na uuparue wote, hata kama mnofu utabaki mwembamba. Loweka kwenye maji ya chumvi yenye barafu nusu saa, kausha, paka ndimu, pilipili manga na unga wa mahindi uliochanganywa na chumvi, kaanga kwa mafuta mengi yaliyopata moto hasa. Kula na ugali na kachumbari akiwa bado anatoa mvuke.